Hisa imepanda, opsheni yangu imeshuka: je, nimeibiwa?

Swali: Kwa muda sasa nanunua hisa za Marekani kupitia jukwaa la dalali wa mtandaoni, na sijawahi kuwa na malalamiko. Majuzi jukwaa likanifungulia sehemu ya opsheni. Kampuni moja ninayoifuatilia ilikuwa inatoa matokeo yake ya robo mwaka Jumatano jioni, baada ya soko kufungwa. Hisa yake ilikuwa dola 100. Nikanunua opsheni moja ya kununua, bei ya makubaliano dola 105, ikiwa imebakiza siku 9. Nikakatwa dola 330, na dakika ileile akaunti ikaonyesha nimeshapungukiwa dola 30. Alhamisi asubuhi hisa ikafungua kwa dola 104. Nikashangilia, kuingia kwenye akaunti nakuta opsheni yangu ina thamani ya dola 170. Nimebashiri vizuri na nimepoteza karibu nusu. Je, jukwaa limenichezea? Na hicho kilichobaki nikiuze au nisubiri Ijumaa ya wiki ijayo?

Jibu: Hukuibiwa, ndugu yangu. Yaliyokukuta yangekukuta kwenye jukwaa lolote lile. Shida ni kwamba ulibashiri jambo moja ukanunua jingine. Ulibashiri kuwa hisa itapanda. Opsheni ya kununua ni haki ya kununua hisa kwa bei ya makubaliano, kwako 105, hadi siku ya mwisho ya mkataba; ya kuuza ni haki ya kuuza. Kwa hiyo ulichonunua ni haki ambayo ingekulipa endapo hisa ingepanda kupita vile soko zima lilivyokuwa tayari linatarajia, tena ndani ya siku 9. Hisa ilipanda, lakini kwa matarajio ya soko ilipanda kidogo.

Twende kwenye hesabu yako, maana inaeleza vizuri kuliko nadharia. Mkataba mmoja wa opsheni za hisa za Marekani kwa kawaida unabeba hisa 100, ndiyo maana 3.30 ya kwenye skrini ikawa dola 330 kwenye akaunti. Thamani ya katikati, yaani nusu ya njia kati ya bei ya wanaonunua na bei ya wanaouza, ilikuwa karibu 3.00. Nimezipitisha namba zako kwenye kanuni ya Black na Scholes, hesabu ya kukadiria bei ya opsheni iliyochapishwa mwaka 1973, mwaka uleule soko la opsheni la Chicago lilipofungua milango. Si kipimo kamili, ila kwa kazi hii inatosha.

Kupanda kwa hisa kutoka 100 hadi 104 kulikuongezea takriban dola 175. Siku moja iliyopita ilikula kama dola 30. Pigo kubwa ni la tatu: mtikisiko unaotarajiwa ulianguka kutoka karibu asilimia 80 hadi karibu asilimia 35, ukaondoka na dola 275. Anza na 300, ongeza 175, toa 30, toa 275. Unabaki na 170, ileile uliyoiona.

Huu mtikisiko unaotarajiwa ndio watu wengi huuruka kwa sababu jukwaa huuweka kwenye safu ya pembeni yenye herufi ndogo. Ni makadirio ya soko ya namna bei ya hisa itakavyoyumba, yakihesabiwa kwa mwaka. Asilimia 80 haina maana kwamba hisa itapanda kwa 80. Maana yake ni kwamba anayekuuzia opsheni anadai alipwe sana kwa sababu hajui kesho kutatokea nini. Kabla ya matokeo ya robo mwaka hakuna anayejua, kwa hiyo opsheni zote za kampuni hiyo huwa ghali, za kupanda na za kushuka. Matokeo yakishasomwa, lile fumbo limefumbuliwa. Hakuna tena sababu ya kulipa bei ya fumbo, na bei huporomoka mara tu soko linapofungua asubuhi. Hutokea karibu kila robo mwaka, kwa karibu kila kampuni inayofuatiliwa sana. Wanaouza opsheni wanaishi kwa jambo hili.

Sasa nikuonyeshe mahali pa kutazama, kwa sababu taarifa hii ilikuwa mbele yako Jumatano hiyohiyo. Kwenye jedwali la opsheni, tafuta mstari ambao bei ya makubaliano iko karibu kabisa na bei ya hisa. Kwako ni mstari wa 100. Soma bei ya opsheni ya kununua na bei ya opsheni ya kuuza kwenye mstari huo, kisha uzijumlishe. Kwa mtikisiko wa asilimia 80 na siku 9, kila moja ilikuwa karibu dola 5, jumla dola 10. Hiyo jumla ni kauli ya soko: kufikia Ijumaa ile tunategemea hisa hii isogee kama dola 10, juu au chini, hatujui upande. Wewe ulipata dola 4. Kwa makadirio yangu, ili urudishe tu dola zako 330 asubuhi ile, hisa ilitakiwa ifungue karibu na 107. Ukisubiri hadi siku ya mwisho inatakiwa ifike 108.30, maana lazima ivuke 105 na irudishe 3.30 uliyolipa.

Kujumlisha namba mbili hakuchukui hata nusu dakika. Baadhi ya majukwaa huifanya hesabu hiyo yenyewe na kuiandika kama msogeo unaotarajiwa. Swali lako kabla ya kubonyeza lingepaswa kuwa hili: je, nina sababu ya kuamini kwamba hisa itasogea zaidi ya dola 10? Kama jibu ni "naamini tu matokeo yatakuwa mazuri", basi opsheni ya siku 9 haikuwa chombo chako. Ungenunua hisa zenyewe, hata 3 tu kwa fedha hiyohiyo, ungekuwa na faida ya dola 12. Ndogo, najua, lakini ni faida.

Kuna kitu kingine kilichokupotosha, na hapa nalaumu kidogo wabunifu wa majukwaa. Ule mchoro wa faida na hasara unaotokea kabla ya kuthibitisha oda, wenye mstari unaopinda kwenda juu, mara nyingi unaonyesha hali ya siku ya mwisho ya mkataba peke yake. Hauonyeshi kesho asubuhi. Majukwaa mazuri yana kitelezi cha tarehe chini ya mchoro na kingine cha mtikisiko. Sogeza tarehe iwe kesho, shusha mtikisiko uwe nusu, utaona mstari wako ukizama. Kama jukwaa lako halina vitelezi hivyo, tumia kikokotoo cha opsheni cha bure. Viko vingi mtandaoni.

Zile dola 30 zilizopotea dakika ya kwanza ni habari nyingine kabisa, na hizi ungeweza kuziokoa karibu zote. Wanaonunua walikuwa wanatoa 2.70, wanaouza wanataka 3.30. Ulituma oda ya bei ya soko, yaani uliliambia jukwaa "ninunulie kwa bei yoyote iliyopo", likakununulia kwa 3.30. Kisha likakadiria thamani ya mali yako kwa bei ya katikati, 3.00. Kwenye hisa za kampuni kubwa pengo hili ni senti moja au mbili, kwa hiyo ulizoea kutolijali. Kwenye opsheni linaweza kuwa asilimia 20 ya bei, kama lilivyokuwa kwako.

Usitumie oda ya bei ya soko kwenye opsheni. Kwangu hii haina msamaha. Tumia oda yenye kikomo: weka bei ya katikati, subiri, kama haikukubaliwa panda kwa senti 5, subiri tena. Mara nyingi itakubaliwa kabla hujafika kwenye bei ya muuzaji. Isipokubaliwa, achana nayo. Tazama pia idadi ya mikataba iliyouzwa siku hiyo na idadi ya mikataba iliyo wazi, yaani ambayo bado haijafungwa, kwenye mstari unaoutaka. Ukikuta namba ni chache, jua kutoka kutakuwa kugumu kuliko kuingia. Epuka dakika za mwanzo pia. Soko la Marekani hufungua saa 3:30 asubuhi kwa saa za New York, na mapengo ya mwanzo huwa mapana kwa sababu hata watengeneza soko, yaani kampuni zinazotoa bei za kununua na kuuza muda wote, bado wanapima upepo.

Kwa hiyo ukiwa unajifunza kwenye akaunti ya majaribio, shuku faida zake. Nyingi ya akaunti hizo hukupa bei ya katikati papo hapo, kitu ambacho soko halisi halikupi kila mara. Zinafaa kwa kujua vitufe viko wapi. Hazikufundishi gharama.

Umeuliza kama jukwaa limekuchezea. Hapana, lakini elewa linakula wapi. Mwezi Oktoba 2019 dalali mkubwa wa Marekani, Charles Schwab, aliondoa kamisheni ya kununua hisa mtandaoni, na wenzake wakubwa wakafuata ndani ya siku chache. Toka hapo madalali wa Marekani wamekuwa wakipata fedha kwenye riba ya pesa zinazokaa kwenye akaunti, kwenye mikopo wanayotoa kwa wateja, na baadhi yao kwenye malipo kutoka kwa watengeneza soko wanaopelekewa oda zako. Kwa madalali wa aina hii ya mwisho, opsheni huwa na malipo manono kuliko hisa. Juu ya hapo wengi bado wanatoza ada kwa kila mkataba. Senti 65 ni kiwango cha kawaida kwa wale wakubwa. Dalali hapati zaidi ukishindwa, wala ukishinda. Anapata zaidi ukibonyeza mara nyingi. Ndiyo maana sehemu ya opsheni ilikuja kukutafuta yenyewe, ina rangi nzuri, na mikataba ya muda mfupi imepangwa juu kabisa ya orodha.

Ulipofunguliwa sehemu hiyo uliulizwa maswali kuhusu uzoefu na kipato chako, kisha ukapewa kiwango cha ruhusa. Naona watu wakishauriana namna ya kujibu ili wapewe kiwango cha juu. Usifanye hivyo. Kiwango cha chini kinakuruhusu kununua opsheni, ambapo hasara yako haizidi ulicholipa, na kuuza opsheni ya kununua dhidi ya hisa 100 unazozimiliki tayari. Viwango vya juu vinakuruhusu kuuza opsheni usiyokuwa na mali ya kuikinga, na hapo hasara ya opsheni ya kununua haina dari, kwa sababu bei ya hisa haina dari. Kile kijitabu cha hatari kilichotolewa na Options Clearing Corporation, shirika linalodhamini mikataba ya opsheni za Marekani, ambacho dalali alikutumia ukabonyeza "nimesoma", kisome kweli. Kinachosha, lakini yamo humo.

Kuhusu vitufe. Kwenye opsheni kuuza kuko kwa namna mbili. Kuna kuuza kwa kufunga, ambako ni kuuza ulichonacho na kutoka. Kuna kuuza kwa kufungua, ambako ni kumpa mtu mwingine haki na wewe kubaki na wajibu. Skrini ya simu ni ndogo na maneno haya yanakaa jirani. Njia salama ya kutoka ni kuingia kwenye orodha ya mali zako, kugusa mkataba wenyewe, na kuchagua kuufunga kutoka hapo. Usianze upya kwenye jedwali. Kisha soma ukurasa wa mwisho kabla ya kuthibitisha: jina, tarehe, bei ya makubaliano, idadi, na neno kufunga.

Kitufe cha kutekeleza haki, yaani kununua hizo hisa 100 kwa 105, usikiguse. Hisa iko 104, ungekuwa unanunua ghali kuliko sokoni. Hata ingekuwa 107 leo, kutekeleza mapema kungetupa thamani ya muda iliyobaki. Kuuza mkataba wenyewe hukupa zaidi. Kutekeleza mapema huwa na mantiki katika hali chache, hasa siku moja kabla ya hisa kuuzwa bila gawio lake, na hali yako si mojawapo.

Siku ya mwisho ndiyo iliyojaa mitego. Mkataba ukifika mwisho hisa ikiwa juu ya 105 hata kwa senti 1, utaratibu wa Options Clearing Corporation ni kwamba unatekelezwa wenyewe isipokuwa uwe umetoa maagizo kinyume. Maana yake unanunua hisa 100 kwa dola 10,500. Unazo? Kama huna, madalali wengi hawasubiri: mchana wa siku ya mwisho watauuza mkataba wako wao wenyewe, kwa bei watakayoikuta, na haki ya kufanya hivyo waliiandika kwenye masharti. Ukifanikiwa kupita hapo ukapokea hisa, utazishika Jumamosi na Jumapili huku huwezi kuziuza, na habari mbaya ikitoka Jumamosi ni yako. Mtu mwenye akaunti ndogo anatakiwa awe ametoka kabla ya siku ya mwisho, au mapema siku hiyo.

Kabla sijarudi kwenye dola zako 170, niseme jambo kwa wengine watakaosoma hapa. Kuna tovuti zinazotangaza "opsheni" ambazo si hizi tunazozungumzia. Unaulizwa kama bei itakuwa juu au chini baada ya dakika 5, ukipatia unalipwa kiasi fulani, ukikosa umepoteza chote. Hizo ni opsheni za binari, na kwenye tovuti nyingi za aina hiyo anayecheza upande wa pili ni mwenye tovuti mwenyewe. Mamlaka ya masoko ya Umoja wa Ulaya, ESMA, ilipiga marufuku kuziuza kwa wananchi wa kawaida Julai 2018, na Uingereza ikaweka marufuku ya kudumu Aprili 2019. Opsheni halisi ina bei ya makubaliano, ina tarehe ya mwisho, na unaweza kuiuza kwa mtu mwingine wakati wowote soko likiwa wazi. Dalali wa Marekani unaweza kumtafuta kwenye BrokerCheck, orodha ya FINRA, chombo kinachosimamia madalali huko, bure. Kinga ya SIPC, shirika linalolinda wateja wa madalali wa Marekani, hufika dola 500,000 kwa mteja, ikiwemo dola 250,000 za fedha taslimu, na inahusu dalali akifilisika. Haifidii bei ikishuka, kwa hiyo usiipigie simu kuhusu mkataba wako.

Sasa, uuze au usubiri. Sahau 330, zimeshakwenda. Ulicho nacho leo ni kitu cha dola 170 chenye siku 8, na hisa iko 104. Kwa kuwa 104 haijafika 105, thamani yote ya 170 ni muda na matumaini. Hakuna ndani yake hata senti ya faida iliyokwisha kupatikana. Muda huo unayeyuka kwa kama dola 13 kwa siku kuanzia sasa, na siku za mwisho kasi huongezeka. Ukisubiri hadi Ijumaa ya wiki ijayo, hisa inatakiwa iwe juu ya 106.70 ili uwe umefanya vizuri kuliko kuuza leo. Kwa bei za sasa, soko linaona jambo hilo lina uwezekano wa karibu asilimia 30. Jiulize: mtu akikupa dola 170 taslimu sasa hivi, utanunua mkataba huu? Kwa barua yako nahisi hapana, maana sababu yako yote ya kununua ilikuwa matokeo ya robo mwaka, na hayo yameshatoka.

Mimi ningeuza. Ukitazama leo utakuta pengo la mfano 1.55 kwa 1.85, weka oda ya kuuza kwa kufunga yenye kikomo cha 1.70, iache dakika 10, kisha ushuke hadi 1.65, halafu 1.60. Kama bado unaiamini kampuni kwa miezi ijayo, nunua hisa chache. Ukiipenda sana opsheni, tafuta ya miezi minne au mitano, ambayo mtikisiko wake hauruki sana kwa ajili ya tangazo moja. Au jifunze kununua ya 105 huku ukiuza ya 110 ya tarehe ileile kwa oda moja. Faida yako inakuwa na ukomo, lakini anguko la mtikisiko linakuumiza kidogo kwa sababu unalipoteza upande mmoja na kulipata upande wa pili. Hiyo inahitaji kiwango cha ruhusa cha juu kidogo kuliko ulichonacho sasa, na ifanye kwa mkataba mmoja tu hadi uone mzunguko mzima wa matokeo ya robo mwaka ukipita.

Na kama umeamua kusubiri hata hivyo, weka leo hii oda ya kuuza kwa bei utakayoridhika nayo, sema 3.00, iendelee kuwa hai hadi itakapofutwa. Ikifika Alhamisi jioni ya wiki ijayo haijauzwa, ifute na utoke kwa bei iliyopo, usiivushe kwenda Ijumaa.